Eneobunge la 94 la Virginia: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila msimu wa uchaguzi Marekani, kisa cha eneobunge la 94 la Virginia hurudi midomoni mwa watu. Tarehe 7 Novemba 2017, mjini Newport News, David Yancey wa Republican alikuwa anatetea kiti cha Baraza la Wajumbe, sehemu ya bunge la jimbo la Virginia, alichokishika tangu Januari 2012. Mpinzani wake alikuwa Shelly Simonds wa Democratic, ambaye Yancey alikuwa amemshinda 2015. Safari hii walitoka sare. Kisa ni cha kweli, ila kimesimuliwa sana mpaka kimeota mambo ambayo hayakuwamo.

“Mshindi alipatikana kwa kurusha sarafu.” Hapana. Sheria ya Virginia inasema kura zikilingana mshindi aamuliwe kwa bahati nasibu. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, majina mawili yaliwekwa kila moja ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, na vikopo vikatiwa kwenye bakuli la kauri. Mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi, James Alcorn, akachomoa kimoja. Kilikuwa cha Yancey.

“Kura moja ndiyo iliyoamua.” Hapa ndipo watu wanapopotezwa zaidi. Hesabu ya kwanza ilimpa Yancey uongozi wa kura 10. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa tarehe 19 Desemba, Simonds akawa mbele kwa moja: 11,608 dhidi ya 11,607. Kesho yake majaji watatu wakaletewa karatasi moja iliyokuwa imewekwa kando kama kura iliyoharibika. Mpiga kura alijaza kiduara cha Yancey na cha Simonds pia, kisha akachora mstari juu ya kile cha Simonds. Kwenye nafasi ya ugavana alijaza cha Ed Gillespie wa Republican, nacho akakichora alama ya X. Alitaka nini? Majaji waliona alimkusudia Yancey, na kura zikawa 11,608 kwa 11,608. Mtu mwenye akili timamu angeweza kuiangalia karatasi ileile akaamua vingine.

Lakini hata karatasi ile si kisa chote. Mwaka 2018 gazeti la Washington Post lilibaini kwamba wapiga kura 26 wa eneo hilo waliandikishwa kimakosa kwenye eneobunge jirani, wakapewa karatasi zisizo na majina ya Yancey na Simonds. Wengi wao walitoka kwenye mtaa wa watu weusi ambako Democratic hupata kura nyingi. Watu hao walifika kituoni, wakapanga foleni, wakapiga kura, na uamuzi wao kuhusu kiti hiki haukuhesabiwa popote. Kwa maoni yangu, hilo linauma kuliko bakuli. Sare inaweza kutokea popote duniani, lakini mpaka uliokosewa kwenye daftari la wapiga kura ni uzembe unaoweza kuzuiwa.

“Ilikuwa ni kiti kimoja tu.” Baraza la Wajumbe la Virginia lina viti 100. Kabla ya uchaguzi ule Republican walikuwa na 66. Kikopo kile kiliwabakizia 51 kwa 49. Kingetoka cha Simonds, ingekuwa 50 kwa 50, na vyama vingelazimika kugawana madaraka.

“Mwaka 2019 wapiga kura walimwadhibu Yancey.” Simonds alishinda, tena kwa tofauti kubwa, na wengi wanalisoma hilo kama kisasi cha wananchi. Wanachosahau ni ramani. Mahakama ya shirikisho ilikuwa imeamua kwamba maeneobunge 11 ya Virginia yalichorwa kwa ubaguzi wa rangi. Kuyarekebisha kulimaanisha kugusa majirani zake pia, na eneobunge la 94 lilikuwa miongoni mwa yaliyobadilishwa. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa rufaa ya Baraza, kwa hiyo uchaguzi wa Novemba ukafanyika kwa mipaka mipya iliyowafaa Democratic zaidi. Upepo wa kisiasa nao ulikuwa upande wao mwaka ule. Ukilinganisha matokeo ya 2017 na ya 2019 bila kutaja mipaka, unalinganisha makundi mawili tofauti ya wapiga kura.

“Basi tufuatilie eneobunge la 94 hadi leo tuone limeelekea wapi.” Haliwezekani kwa namba peke yake. Baada ya sensa ya 2020 ramani nzima ilichorwa upya, na tangu uchaguzi wa 2023 namba 94 iko Norfolk, mji mwingine kabisa. Simonds aligombea mwaka huo Newport News katika eneobunge la 70, akashinda. Anayetaka historia ya kweli ya mitaa ile afuate matokeo ya kituo kimoja kimoja cha kupigia kura, mwaka hadi mwaka, huku ramani ya kila uchaguzi ikiwa wazi mbele yake.