"Sina mshahara" si jibu la matunzo

Kwenye ofisi zetu za ustawi wa jamii hapa Mbeya, kauli hii haikauki midomoni mwa akina baba wanaodaiwa matunzo ya mtoto: "Mimi sina mshahara, nitatoa nini?" Anayesema hivyo unakuta ana ekari mbili za viazi kule Uyole, au bodaboda mbili amewapa vijana wamletee hesabu kila jioni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haidai hati ya mshahara. Mahakama inapopanga kiasi huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale anapoishi mtoto. Wote wawili, nasisitiza; mama mwenye meza ya mitumba Mwanjelwa naye anahesabiwa. Sheria ya zamani, iliyofutwa na hii, ilimwekea mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja!

Wengi huchanganya matunzo na faini ya mimba. Wazee wamekaa, ng'ombe au fedha zimekwenda kwa baba wa binti, shauri limekwisha. Limekwisha baina ya wazee. Chakula, malazi, mavazi, matibabu na shule ni haki ya mtoto mwenyewe, na babu hakupokea faini ile kwa niaba yake.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Mkishindwana, shauri huenda Mahakama ya Watoto. Baba akikana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtu hajiendei tu mwenyewe kukiomba. Amri ya matunzo hudumu hadi mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuendelea kama bado yuko masomoni.

Njoo na kumbukumbu. Mama mmoja alikuja na daftari la shule lililokunjika pembe, kila ukurasa ameandika: maziwa, dawa ya kikohozi, sweta la mwezi wa sita, sare, daftari. Baba alikuwa ameshikilia kwamba elfu ishirini kwa mwezi inatosha. Akapewa daftari asome mwenyewe, kwa sauti. Alifika kurasa mbili, akaomba kalamu apige hesabu, kisha akauliza kama anaweza kuleta na gunia la mchele kila mavuno. Tuliliandika kwenye makubaliano, kilo zake na mwezi wake.