Programu dhibiti ya kuchaji ni nini?

Programu dhibiti ni ile inayokaa kwenye chipu ndani ya kifaa chenyewe, ikikiamrisha hata kabla hujabonyeza kitu. Kwenye kicheza muziki cha mfukoni, sehemu yake moja hushughulika na chaji tu: hupima betri, huamua umeme uingie kiasi gani, na ukatwe lini. Wengi hudhani kazi hiyo ni ya chaja. Chaja ya kawaida ya USB huleta volti 5, basi. Anayepima yumo ndani.

Mtazame muuza kahawa wa Mombasa akimimina kutoka kwenye dele. Mwanzo humwaga kwa nguvu, na kikombe kikikaribia ukingo hupunguza mpaka ukatoka uzi mwembamba. Betri ya lithiamu huchajiwa vivyo hivyo. Kwanza hupewa mkondo usiobadilika, tuseme miliampia 250 kwa betri ya miliampia-saa 500, mpaka volti zifike 4.2. Hapo volti hushikiliwa palepale, mkondo ukiachwa upungue wenyewe. Ukibaki kama sehemu moja ya kumi, hukatwa kabisa. Betri iliyokauka chini ya volti 3 huamshwa kwanza kwa mkondo mdogo.

Betri za nikeli zina tabia nyingine: zikijaa, volti hushuka kidogo. Rockbox, programu huria iliyoanzia kwenye vicheza muziki vya Archos, ilikuwa ikivizia mshuko huo kwenye modeli ya Recorder ili ijue wakati wa kukata.

Basi kuboresha programu dhibiti ya kuchaji ni kufanya nini? Kwangu mimi, la kwanza ni kuipima betri kwa usahihi, na kasi ya kujaza ije baadaye. Umeme unapoingia, volti husomeka juu kuliko zilivyo, kwa sababu ya ukinzani wa ndani ya betri. Ndiyo maana kifaa huandika asilimia 100, ukachomoa waya, na muda si muda kimeshuka. Programu nzuri husimamisha mkondo kidogo, ikapima, ndipo ikaendelea. Nyingine hukuruhusu kuishia volti 4.1: unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya chaji, lakini betri inadumu zaidi. Mimi huchagua hiyo bila kusita.

La pili ni joto, na kwetu pwani hili ndilo kubwa. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za Selsiasi, na mchana wa Machi, chini ya mabati, kifaa hakihitaji msaada mkubwa kufika huko.

Cha kwangu kilifura betri mpaka kifuniko kikainuka. Fundi aliyekifungua alinionyesha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Betri ya awali ilikuwa na tatu. Ule wa tatu ni wa kihisi joto, na aliyenibadilishia betri mara ya kwanza alikuwa ameunga rezista, kijipande chenye ukinzani usiobadilika, ya kilo-omu 10 mahali pake, kifaa kikubali kuchaji. Kihisi cha namna ile husoma kilo-omu 10 kikiwa kwenye nyuzi 25. Kwa hiyo programu iliamini ni nyuzi 25 asubuhi, adhuhuri na usiku wa manane, ikaendelea kusukuma umeme kwenye betri inayoungua.

Hapa ndipo ningependa waandishi wa programu hizi waongeze bidii. Joto lisilotikisika hata kidogo kwa saa mbili za kuchaji si joto, ni rezista, na programu inaweza kulitambua hilo na kupunguza mkondo. Iweke pia kikomo cha saa: betri ndogo ambayo haijajaa baada ya saa kadhaa ina kasoro, ikatwe.

Sasa nina betri ya nyaya tatu. Nikiichomeka saa saba mchana, wakati mwingine alama ya chaji husimama, nami huiacha. Jioni upepo wa bahari ukiingia dirishani, huendelea yenyewe.