Je, wajua "went" haikuzaliwa na "go"?

Kila aliyesoma Kiingereza darasani amekariri hii: go, went, gone. "Go" na "gone" ni ndugu, hata asiyejua lugha anaona. Lakini "went" haina hata herufi moja ya "go". Mwanafunzi akiuliza sababu, mara nyingi huambiwa ndivyo ilivyo, kariri tu. Jibu hilo linamnyima kisa kizuri.

"Went" ni mtoto wa kitenzi kingine kabisa. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, kulikuwa na "wendan", yaani kugeuza au kugeuka. Wajerumani mpaka leo wana "wenden" kwa maana hiyohiyo. Anayegeuka hushika njia, na taratibu maana ikasogea mpaka ikawa kwenda. "Wendan" ikafupika kuwa "wend", na wakati wake uliopita ukawa "went", kama "send" ilivyo na "sent", au "bend" na "bent". Ukiiweka kwa ndugu zake hao, "went" haina ajabu yoyote.

"Go" nayo ilikuwa na wakati uliopita wake, "eode", ambao pia haukufanana nayo. Neno hilo likafifia, na kufikia mwaka 1500 hivi "went" ilikuwa imeshika nafasi yake. Huko Uskoti walipita njia nyingine: kwao "go" ni "gae", wakaibandika mkia wa kawaida, ikawa "gaed". "Wend", iliyonyang'anywa umbo lake, ikatengenezewa "wended". Siku hizi huisikii sana, ila katika msemo "wend your way", yaani kujiendea zako polepole.

Kwa nini ukorofi huu haukunyooshwa? Kwa sababu neno linalotajwa kila saa mtoto hulishika mapema, kabla kanuni haijamkaa vizuri. Atasema "goed" kwa muda, kisha atawasikia wakubwa wakisema "went" mara mia, aache. Kitenzi kisichotajwa sana hakina kinga hiyo. "Climb" ilikuwa na "clomb", leo ni "climbed" tu.

Nasi tunayo yetu. Ukimwita mtu aje, husemi "kuja!", unasema "njoo!" Hakuna anayeshangaa, maana tumeisikia tangu tukiwa mgongoni mwa mama.

Halafu kuna hili linalowavutia wengi: "wend" na "kwenda" zinalingana mno, sauti na maana. Msidanganyike, ni sadfa tupu. Ya kwetu ni ya Kibantu. Warundi na Wanyarwanda husema "kugenda", Waganda "okugenda", na hiyo "g" ndiyo ya asili. Kiswahili kiliiangusha zamani, ikabaki "-enda", na ndipo ikafanana na neno la watu wasio jamaa zake.