"Mi nina kinga kali, TB hainipati" na stori nyingine tunazodanganyana kuhusu mapafu

Anko wangu alipokutwa na TB, kitu cha kwanza nyumbani ilikuwa kikombe chake kupakwa rangi nyekundu ya kucha ili mtu asije akakinywea, sahani pembeni, kijiko pembeni, halafu jioni wote tunajazana sebuleni kuangalia taarifa ya habari, madirisha yamefungwa eti mbu. Kikombe hakina kosa jamani. TB inasafiri kwenye hewa, na hewa ndo ile tuliyoifungia ndani.

Mtu akikohoa matone makubwa yanaanguka chini au yananaswa na ute wa puani na kooni, unatema, yameisha. Shida ni vile vitone vidogo kabisa, chini ya maikroni 5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), vinaelea masaa na ukivivuta vinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa kule mwisho wa mapafu.

Sasa kijiweni utasikia "mwili ukiwa na kinga, mdudu akiingia tu anauliwa hapohapo". Ingekuwa hivyo tungeshasahau TB siku nyingi. Kwenye vifuko vya hewa kuna chembe za ulinzi zinaitwa makrofeji, kazi yao kumeza chochote kinachoingia, na mdudu wa TB kweli wanammeza. Kawaida bakteria akimezwa anafungiwa kwenye kijifuko, kijifuko kinaungana na kingine chenye tindikali, anayeyushwa, basi. Huyu wa TB amevaa koti la nta na anatoa vitu vinavyozuia vile vijifuko viwili visiungane, kwa hiyo amemezwa ila hajafa, yumo tumboni mwa mlinzi kama mpangaji asiyelipa kodi, anakula humohumo na kuzaana taratibu, kujigawa mara moja tu inamchukua kama masaa 20.

Na mlinzi mwenyewe hapigi hata kelele. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba siku kama 10 za mwanzo mdudu anakaa karibu wote ndani ya makrofeji hizohizo na zenyewe zimetulia tu. Usizilaumu lakini, mapafu yanavuta vumbi na moshi kutwa nzima, zingekuwa zinapiga king'ora kwa kila vumbi la barabarani tungeshindwa kupumua. Huo upole ndo TB inaufanyia biashara. Mpaka mdudu abebwe kwenye tezi, seli T (askari wengine wa kinga) zifundishwe kumtambua, zirudi mapafuni, kwa binadamu ni wiki 2 mpaka 8, ndo maana ukikimbilia kipimo cha ngozi cha TB siku 3 baada ya kukaa na mgonjwa na kikasoma hasi, usishangilie.

"Basi ukishavuta hewa ya mgonjwa umekwisha." Hapana nayo. Kampala watafiti wamefuatilia familia zilizoishi nyumba moja na wagonjwa, na wapo watu miaka inapita vipimo vyao bado vinasoma hasi. Duniani karibu robo ya watu inakadiriwa walishaambukizwa, na kati yao wasio na VVU ni kama 5 mpaka 10 kwa 100 tu ndo wanakuja kuumwa, wengi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Ukiwa na VVU bila dawa hesabu inabadilika vibaya sana, maana seli T zenyewe ndo zinazoliwa.

Halafu hii ya "kuboost kinga", na unga unauzwa kwenye kopo kabisa. Tangawizi ni tamu kwenye chai, tuishie hapo. Kwenye TB kinga ikizidi nayo inaua. Kuna chembe nyingine za ulinzi, wale jamaa wa fujo wanaitwa neutrofili, wakijazana wanamwaga sumu ovyo, nyama ya mapafu inaoza, linabaki tundu, na tundu likifunguka kwenye njia ya hewa mgonjwa anakohoa damu pamoja na wadudu kwa mamilioni. Sehemu kubwa ya uharibifu huo ni mikono ya mwili wenyewe. Kinachotakiwa ni kinga yenye kipimo, izungushe ukuta imfungie mdudu bila kuchoma nyumba.

Na anayesema "niko fiti, nabeba vyuma" aende Mererani akawaone wachimbaji wa tanzanite, vijana wenye vifua kama milango. Vumbi la mwamba lina silika, yaani madini magumu ya mawe, makrofeji inaimeza, haiwezi kuiyeyusha, inakufa nayo. Mlango ukibaki hauna mlinzi TB inaingia kiulaini, ndo maana hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ya Kibong'oto kule Siha wachimbaji si wageni.

Lile kovu la BCG mkononi? Chanjo hiyo ya TB ipo toka 1921 na inawaokoa watoto wachanga na TB ya kwenye utando wa ubongo, ila kwa mapafu ya mtu mzima ulinzi wake ni mdogo, usilitegemee.

Anko alimeza dozi miezi 6 yote, maana wadudu wengine wanakuwa wamejificha na hawazaani kabisa, dawa inahitaji muda kuwamaliza. Alipona. Kikombe bado kina ile rangi ya kucha, na tukienda kumsalimia anakunywea chai makusudi, mbele ya mama.