Kuondoa waya kichwani si kazi ndogo

Mwaka 2004 huko Marekani, Matthew Nagle, kijana aliyepooza kuanzia shingoni, alipandikizwa elektrodi 96, yaani vijisindano vya kunasa umeme wa seli, kwenye ubongo katika majaribio ya BrainGate, mfumo wa kuunganisha ubongo na kompyuta. Akaweza kusogeza kishale kwenye skrini kwa kukusudia tu. Ila juu ya kichwa chake kulitokeza kifundo cha chuma, na humo ndimo fundi alimochomeka waya wa kwenda kwenye kompyuta. Ngozi iliyotobolewa namna hiyo ni njia ya vijidudu, na mgonjwa hawezi kutumia kifaa chake bila mtu wa kumchomekea.

Basi waya utolewe, si simu hurusha video hewani? Ugumu unaanzia hapo, na ndio sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote.

Seli ya neva inapotoa mpigo, elektrodi iliyo jirani hupata makumi ya mikrovolti, pengine mia kadhaa, kwa muda wa kama milisekunde 1. Ili umbo la mpigo lisipotee, kwa kawaida tunapima mara 30,000 kwa sekunde. Kwa elektrodi 96 na biti 12 kwa kila kipimo, hiyo ni karibu megabiti 35 kila sekunde. Bluetooth ile isiyokula umeme mwingi haifikishi hata megabiti 2. Ukiweka redio yenye nguvu zaidi, umeme wake unaishia kuwa joto, na kipandikizi hakitakiwi kuzidi joto la mwili kwa zaidi ya nyuzi 2. Simu ikichemka utaiweka mezani. Kilicho chini ya fuvu utakiweka wapi?

Kwa hiyo naunga mkono kutupa data mapema, humo humo ndani ya chipu. Chipu itambue mpigo, itume tu namba ya elektrodi na wakati. Au ipime tu nguvu ya ishara hiyo kati ya Hz 300 na 1,000, ambapo vipimo 2,000 kwa sekunde vinatosha. Kwa kusogeza kishale hupungukiwi na kitu cha maana.

Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa. Elektrodi zikikaa sana huzungukwa na kovu, au husogea. Mgonjwa wa kwanza wa Neuralink, kampuni ya vipandikizi vya ubongo, mwaka 2024, nyuzi zake kadhaa zilizobeba elektrodi zilichomoka kwenye ubongo wiki chache baada ya upasuaji. Kampuni ikalazimika kubadilisha namna programu inavyosoma ishara ili uwezo urudi. Sasa chipu inayotuma hesabu ya mipigo pekee ikinyamaza, utajuaje kama seli imekufa, kovu limeziba, au ni kizingiti cha kutambua mpigo kilichowekwa juu mno? Ndiyo maana kila kipandikizi, kwa maoni yangu, lazima kiweze kuombwa sekunde chache za data ghafi, elektrodi moja baada ya nyingine, hata kama kuzipitia zote kutachukua muda.