Je, wajua kwa nini mashujaa wa benchi wa UCLA wamesahaulika?

Tarehe 21 Machi 1964, mjini Kansas City, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, maarufu kama UCLA, iliifunga Duke 98 kwa 83 na kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani kwa mara ya kwanza. Kenny Washington, mchezaji wa akiba, aliingia akafunga pointi 26 na kudaka ribaundi 12, yaani mipira iliyorudi baada ya kukosa kuingia golini. Tuzo ya mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho ikaenda kwa Walt Hazzard, ambaye usiku huo alipata pointi 11.

Hazzard hakupendelewa. Ndiye aliyeiongoza timu msimu mzima bila kupoteza mchezo hata mmoja, na waandishi walikuwa wameshalizoea jina lake. Hata hivyo, tuzo ile inafungua swali kubwa. Kati ya 1964 na 1975, chini ya kocha John Wooden, UCLA ilichukua mataji 10 katika miaka 12. Muulize shabiki yeyote wa kikapu ni nani walioyachukua, atakutajia wawili: Lew Alcindor, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Kareem Abdul-Jabbar, na Bill Walton. Sasa piga hesabu. Alcindor ana mataji matatu, ya 1967, 1968 na 1969. Walton ana mawili, ya 1972 na 1973. Jumla ni matano. Nusu nzima ya mataji yale ilipatikana wakati hakuna hata mmoja wao uwanjani. Imekuwaje basi walioileta nusu hiyo wakapotea katika kumbukumbu?

Kwanza tuelewe kikapu cha vyuo kinavyokwenda. Kule Marekani, timu ya chuo ndiyo mlango wa kuingilia NBA, ligi kuu ya kulipwa. Watanzania wanamkumbuka Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut kisha akachaguliwa wa 2 katika drafti ya 2009, yaani zoezi ambalo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mchezaji wa chuo anapita tu. Enzi za Wooden muda wake wa kuonekana ulikuwa mfupi, kwani hadi 1972 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Kwa hiyo ulikuwa na misimu mitatu ya kujitambulisha. Ukitumia mmoja au miwili kati ya hiyo ukiwa benchi, unaondoka hujafahamika. Jina linalobaki ni la yule aliyevuma misimu yote mitatu kisha akaendelea kuvuma NBA, na sifa zake za NBA zinarudi nyuma kukifunika chuo kizima.

Washington alitoka Beaufort, South Carolina, akavuka nchi kwa basi hadi Los Angeles baada ya Hazzard kumsemea kwa kocha. Alikuwa na futi 6 na inchi 3, na katika msimu ule wa 1964 wastani wake ulikuwa pointi 6 hivi kwa mchezo. Kikosi kilichoanza kilikuwa kifupi kupindukia kwa timu ya ubingwa: hakuna aliyezidi futi 6 na inchi 5. Duke walikuwa na wawili wa futi 6 na inchi 10. Ndiyo maana UCLA walikaba uwanja mzima, silaha ambayo kocha msaidizi Jerry Norman ndiye aliyemshawishi Wooden aitumie. Mpira ukirushwa tu kutoka chini ya goli, wawili wanamzonga aliyeupokea, wengine wanavizia pasi ya kubahatisha. Ukabaji wa namna hiyo unamaliza pumzi. Unamhitaji mtu wa kuingia akiwa na miguu mibichi wakati wengine wote wanatweta, na mtu huyo alikuwa Washington.

Kipindi cha kwanza cha fainali ile, Duke walikuwa mbele. Kisha, ndani ya dakika zisizofika tatu, UCLA wakafunga pointi 16 mfululizo bila kujibiwa. Warefu wa Duke walikuwa wakipokonywa mipira kabla hawajafika mahali ambapo urefu wao ungewasaidia. Fred Slaughter, senta aliyeanza, yaani mchezaji wa chini ya goli, hakupata hata pointi moja; mwingine wa akiba, Doug McIntosh, akachukua nafasi yake na kudaka ribaundi 11. Yaani wawili kutoka benchi walidaka ribaundi 23 katika fainali. Ukiniuliza mimi, taji la kwanza la UCLA lililetwa na benchi.

Mwaka uliofuata hadithi ikajirudia. Keith Erickson, mmoja wa walioanza, aliumia mguu, Washington akaingia na kufunga pointi 17 katika fainali dhidi ya Michigan, mchezo ulioisha 91 kwa 80. Lakini usiku huohuo mwenzake Gail Goodrich alifunga 42. Nani angezungumzia 17? Na hata Goodrich mwenyewe hakupewa tuzo: ilikwenda kwa Bill Bradley wa Princeton, aliyefunga pointi 58 katika mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu. Miaka baadaye, msimu wa 1974-75, Washington alirudi chuoni kuinoa timu ya wanawake ya UCLA, timu aliyochezea Ann Meyers, mmoja wa nyota wakubwa wa kikapu cha wanawake. Hilo nalo hutajwa mara chache, na linastahili kutajwa.

Sababu ya pili ya kusahauliwa ni namna takwimu zilivyoandikwa. Pointi ziliandikwa tangu zamani. Lakini mipira iliyozuiwa na iliyoporwa haikuingia katika takwimu rasmi za vyuo hadi msimu wa 1985-86, miaka 10 baada ya Wooden kustaafu. Kazi yote ya ukabaji ya enzi ile haina safu yake kwenye karatasi.

Mfano wake mzuri ni Lynn Shackelford. Januari 1968, mbele ya watazamaji 52,693 katika uwanja wa Astrodome, Houston waliifunga UCLA 71 kwa 69, na Elvin Hayes wa Houston akafunga pointi 39. Miezi miwili baadaye timu hizo zikakutana tena katika nusu fainali. Safari hii wachezaji wanne wa UCLA walijipanga kwa umbo la almasi, Alcindor akiwa karibu na goli, na wa tano, Shackelford, akapewa kazi moja: kumfuata Hayes popote aendapo, awe na mpira au asiwe nao. Hayes aliishia pointi 10. UCLA walishinda 101 kwa 69. Tazama karatasi ya mchezo ule utaona Hayes 10. Hutaona popote palipoandikwa kwamba hizo 29 zilizopungua ni jasho la nani. Mpira wa kikapu unapenda sana namba, na kilichokosa namba ndani yake ni rahisi kusahaulika.

Halafu kuna bahati mbaya ya kuzaliwa katikati ya majitu. Steve Patterson alikuwa senta wa akiba wa Alcindor, na yeye Patterson alipoondoka tu akaingia Walton. Misimu miwili aliyoanza yeye, 1970 na 1971, UCLA walishinda michezo 57, wakapoteza 3, wakachukua mataji mawili. Fainali ya 1971 dhidi ya Villanova, iliyoisha 68 kwa 62, Patterson alifunga pointi 29. Tuzo ikaenda kwa Howard Porter wa upande ulioshindwa, kisha ikafutwa baada ya kubainika kuwa Porter alishasaini mkataba wa kulipwa, jambo lililokatazwa kwa mchezaji wa chuo. Mahali pa jina pakabaki wazi. Patterson hakupewa.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Swen Nater. Alizaliwa Den Helder, Uholanzi, na sehemu ya utoto wake ilipita katika kituo cha kulea watoto kabla hajaungana na wazazi wake Marekani. Alianzia Cypress, chuo kidogo cha California, akahamia UCLA akiwa na futi 6 na inchi 11, urefu uleule wa Walton, na akawasili msimu uleule ambao Walton alianza kuchezea timu kubwa. Kwa misimu miwili hakuanza mchezo hata mmoja. Medali mbili za ubingwa alizipata akitokea benchi.

Kazi yake kubwa ilifanyika mahali pasipo na watazamaji. Kila siku ya mazoezi ndiye aliyesimama mbele ya Walton, akimsukuma, akimnyima nafasi chini ya goli, akigombania naye kila ribaundi. Timu nyingi zilizokutana na UCLA hazikuwa na mtu wa kimo kile, kwa hiyo Walton alipata upinzani mgumu zaidi mazoezini kuliko siku za mechi. Mfululizo wa ushindi wa michezo 88, uliokatizwa na Notre Dame Januari 1974, ulipikwa kwa sehemu kubwa katika mazoezi yale.

Maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu za kulipwa, walikuwa wameliona hilo. Mwaka 1973 Milwaukee Bucks walimchagua Nater wa 16, katika raundi ya kwanza ya drafti ya NBA, ingawa hakuwahi kuanza mechi akiwa UCLA. Senta wa Milwaukee wakati huo alikuwa nani? Kareem Abdul-Jabbar. Nater akaona bora aende ligi nyingine, ABA, na msimu wake wa kwanza akawa mchezaji chipukizi bora wa ligi. Msimu wa 1974-75 akaongoza ABA kwa ribaundi, wastani 16.4 kwa mchezo.

Msimu wa 1979-80 alikuwa San Diego Clippers, NBA. Timu ilikuwa imemsajili Walton, lakini majeraha yalimruhusu kucheza michezo 14 tu. Nafasi ya senta ikawa ya Nater, naye akaongoza NBA nzima kwa ribaundi, wastani 15.0. Ni yeye peke yake katika historia aliyewahi kuongoza ligi zote mbili kwa ribaundi, na hakuna atakayemfikia, kwa kuwa ABA ilivunjwa mwaka 1976 na timu zake nne zikaingizwa NBA.