Herini za kaburini na vidoa vyeusi vinavyotaja kwao

Nikimwonyesha mtu herini ya jedi, lile jiwe gumu la mapambo, ya kijani na iliyotoka kaburini, swali la kwanza huwa, si unaiangalia tu rangi unajua imetoka wapi? Hapana jamani, rangi inadanganya sana. Jedi ninayoizungumzia ni aina inayoitwa nefraiti, na nefraiti popote pale ni kalisiamu, magnesiamu, chuma na silika, kwahiyo ukipima mwili wa jiwe peke yake unaweza kujua limezaliwa kwenye miamba ya aina gani, ila mlima gani hasa, bado.

Hapo ndo navipenda vile vidoa vyeusi ambavyo sonara angeviona kasoro. Ni punje za kromaiti, madini meusi yenye kromiamu na chuma, na kwenye jedi ya Fengtian, mashariki mwa Taiwan, hizo punje zina zinki nyingi isivyo kawaida. Tunaiweka herini nzima kwenye mashine, hatukati wala hatuipaki kitu juu yake, tunapiga miale ya elektroni juu ya kidoa kimoja kidogo mno, kila elementi inarudisha eksirei yake, tunasoma. Kutokata ni jambo kubwa kwangu, maana hiki ni kitu alichozikwa nacho mtu.

Mwaka 2007 watafiti walitoa matokeo ya vitu 144 vya jedi kutoka Kusini Mashariki mwa Asia, na angalau 116 vilikuwa vya Fengtian! Vimetoka Ufilipino, Vietnam, Thailand, mpaka Sarawak kule Borneo, yaani jiwe la sehemu moja limesambaa eneo lenye upana wa kama kilomita 3,000 kwa njia ya bahari. Miongoni mwake zimo lingling-o, herini za duara zenye ncha tatu, za kati ya mwaka 500 kabla ya Kristo na 500 baada yake hivi.

Sasa mtu atasema basi zilichongwa Taiwan zikauzwa nje. Mimi pia ningesema hivyohivyo kama tungekuwa na herini peke yake, lakini pale Anaro, kwenye kisiwa kidogo cha Itbayat kaskazini mwa Ufilipino, yameokotwa mabaki ya kazi, vipande vilivyokatwa na viini vya duara vilivyotolewa katikati ya jiwe wakati wa kutoboa vikaachwa hapohapo, na vyenyewe ni vya Fengtian. Kwahiyo jiwe lilikuwa linapakiwa likiwa ghafi, fundi anachonga hukohuko ng'ambo.